Sahihi ya Papa

Alhamisi, 3 Oktoba

Uji wa Papa, dawa tatu, soksi. Kwenye shati unaanza mkono wa kulia, ule uliokufa, halafu wa kushoto. Nikikosea mpangilio baba yangu ananitazama kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Mwezi wa tano huu wa kumuuguza. Alitoka Marekani kwa mdogo wangu Bahati, aje kunisalimia wiki sita tu. Kiharusi kikamkuta hapa kwangu Laeken, Brussels, kwenye kiti hikihiki.

Bahasha yake ya kura imefika kwa posta. Ameiweka mapajani tangu jana, hataki niisogeze hata wakati wa kula. Ni raia wa kule tangu mwaka juzi na hajawahi kupiga kura kule. Kwetu Uvira aliwahi kusimamia kituo cha kura shuleni kwake, yeye mkuu wa shule. Walihesabu vizuri, wakaandika ubaoni. Kisha mtu mwenye bunduki akamwambia afute, naye akafuta kwa mkono wake. Hadithi hiyo kanisimulia mara moja tu, nikiwa mtu mzima.

"Mama, mara hii batahesabu kabisa," kasema leo. Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake, Furaha.

Kazini, huku kwenye nyumba ya wazee, ni msimu wa procuration, hati ya kumtuma mwingine akupigie kura. Komini, manispaa yetu, inapiga kura tarehe kumi na tatu. Mzee akiwa mgonjwa, daktari anaandika cheti, mtoto wake anaenda kumpigia. Mtoto wa Madame wa chumba cha kumi na mbili kaja leo na karatasi zake. Dakika tano, kwisha. Nchi iliyojipanga.

Jumapili, 6 Oktoba

Amepiga kura. Saa nzima na nusu mezani. Viduara vya kujaza wino mweusi, mkono wa kushoto. Hakutaka nimshikie karatasi, aliibana kwa sahani ya chai.

Swali la pili lilimchekesha. Jimbo linauliza wananchi: bahasha iliyogongwa muhuri wa posta kabla ya siku ya kura, je, ihesabiwe hata ikichelewa siku chache njiani? Kwa sheria ya sasa, hapana. Isipofika kabla vituo havijafungwa, ni takataka. "Barua inapigia barua yenzake kura," Papa kasema, akacheka hadi akakohoa. Kisha akafunika jibu lake kwa kiganja. Kura ni siri, hata kwangu.

Ikabaki sahihi, nyuma ya bahasha. Akaijaribu kwanza kwenye gazeti. Mstari ukaenda zake. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Mtu huyu amefundisha nusu ya Uvira kuandika majina yao. Akaweka kalamu chini, akasema tutamaliza kesho, akasinzia.

Nikaipeleka bahasha jikoni nikaitia sahihi mimi. Chai ilikuwa inachemka. Naijua sahihi ile kuliko yangu: kitanzi kikubwa mbele, mstari chini, nukta mbili. Nilijifunza kuiiga darasa la sita, nilipotaka kumficha alama zangu za hesabu.

Alipoamka akauliza, na sahihi? Nikamwambia mgonjwa halazimiki. Akanitazama sana. Akasema bon, haya.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeituma, kwa rejista. Nimetoka posta mwepesi. Binti mwema.

Jumapili, 13 Oktoba

Kura ya komini. Shule ya nyuma ya kanisa. Kadi kwenye mashine, gusa skrini, karatasi inatoka, unaiskani, unaenda zako. Niliporudi Papa alikuwa dirishani, ananisubiri. Alitaka kujua kila kitu. Nani alikaa mezani. Walikagua vitambulisho vipi. Nani alikuwa na ufunguo wa sanduku. Nikamjibu kama mkaguzi wa shule amekuja.

Akauliza na yake imefika wapi. Nikafungua tovuti ya jimbo, kuna ukurasa wa kufuatilia bahasha. Iko njiani. Akafurahi hadi akala samaki wote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Barua pepe kutoka ofisi ya uchaguzi. Nimeisoma kwenye tramu, nimepitiliza vituo vitatu.

Sahihi iliyo kwenye bahasha haifanani na sahihi iliyo kwenye daftari lao. Kura imewekwa kando. Mpiga kura ana nafasi ya kurekebisha hadi siku ya kura. Fomu imeambatanishwa.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Sahihi waliyo nayo ni ya juzijuzi, alipochukua uraia, mzee wa miaka sabini na sita aliyetoka kambi ya wakimbizi, kitanzi kidogo, nukta moja. Mimi nimewapelekea sahihi ya mkuu wa shule wa utoto wangu. Baba aliyekuwa anatia sahihi ripoti zetu bila kuketi. Hakuna mtu pale anayemjua huyo.

Eti zamani bahasha ya namna hii ilitupwa kimyakimya, mwenyewe hajui. Sasa wameboresha utaratibu, wanamwarifu kila mtu. Kwa hiyo nimekamatwa na utaratibu mzuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sijamwambia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimesoma fomu ile mara kumi. Sentensi moja tu ina maana: naapa kwamba ni mimi mwenyewe niliyetia sahihi kwenye bahasha hiyo. Chini yake, adhabu ya kusema uongo. Gereza. Neno lenyewe liko pale, halijajificha.

Papa hawezi kuapa hivyo, maana si kweli. Mimi siwezi kumwambia aape. Siwezi pia kumweleza kwa nini.

Nimempigia Bahati. Yeye ni mtu wa mkato, na dada mkubwa kwake ni Yaya. "Yaya, saini tu ile fomu, uitume. Nani atajua?" Nikamwambia nitafikiri. Na kweli nafikiri. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 23 Oktoba

Kila asubuhi anauliza. "Ilifikaka?" Kila asubuhi namwambia imefika. Si uongo. Imefika.

Anapumzika akisikia hivyo. Anageukia dirisha na kuhesabu watu wanaosubiri tramu, kwa Kifaransa, zoezi alilopewa na mtaalamu wa kumnyoosha ulimi. Leo nimemvalisha shati nikaanza na mkono wa kushoto. Hakusema kitu. Nilitaka anigombeze.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nusura.

Nimeingia na fomu choo cha wafanyakazi, nimeiweka juu ya goti, kalamu wazi. Safari hii ningeiga kitanzi kidogo na nukta moja. Nilishafanya mazoezi kwenye mkono wangu kama mtoto anayeibia mtihani.

Nikamkumbuka Madame wa kumi na mbili. Niliandika humu dakika tano. Uongo mwingine. Mtoto wake alisimama pale karibu robo saa, koti mkononi, mama yake akisukuma kalamu. Mimi ndiye niliyeshika mto mgongoni mwake. Cheti kilikuwepo, daktari alishaandika, na bado mgonjwa ndiye aliyetia sahihi kwanza, kumtuma mtoto wake. Bila hiyo mtoto haendi popote. Nililijua hilo siku ileile. Nililisahau makusudi, kwa sababu sikuweza kumtazama Papa akisukuma kalamu.

Mateso ya wageni nilivumilia kuyatazama. Ya baba yangu sikuvumilia, nikayaita mapenzi.

Fomu nimeichana. Zimebaki siku kumi na moja.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwambia. Baada ya uji, kabla ya dawa. Nilipiga magoti nikimvalisha soksi, nikaona nikiendelea kuinama nitaweza. Nimesema yote, hata jikoni, hata chai.

Akauliza: "Ni wewe njo uliandika jina yangu?"

Ni mimi, Papa.

"Donc basi mi nilishaka kufa?"

Hajasema neno tena. Dawa kakataa. Kiatu cha kulia kabaki nacho mkononi, cha kushoto mguuni, hadi saa sita.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo. Saa moja zaidi ya kunyamaziwa.

Hakuna kanisa. Nimepika sombe, majani ya muhogo, hakugusa. Aliyefutishwa ubao na mtu mwenye bunduki, akafutwa tena na binti yake. Mimi sikuwa na bunduki. Nilikuwa na birika. Najichukia leo, naandika hivyo na siongezi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimepiga simu ofisi ya uchaguzi wakati wa mapumziko, mchana wa huku, asubuhi ya kule. Nimesimama kwenye maegesho ya baiskeli. Nimemwambia mwanamke wa kule ukweli wote kwa Kiingereza changu cha kuokota. Nikasubiri aseme polisi.

Akasema asante kwa kutuambia. Bahasha ile itafutwa, na mpiga kura anaweza kutumiwa karatasi nyingine kwa barua pepe, aijaze, airudishe. Karatasi halisi, si picha. Iwe imefika Jumanne ya tarehe tano kabla ya saa mbili usiku yao. Lakini lazima aombe mwenyewe. Anataka kusikia sauti yake.

Nikalia pale kwenye baiskeli. Upole ndio ulionishinda, ukali ningeuweza.

Papa hazungumzi nami. Ataongeaje na simu?

Jumanne, 29 Oktoba

Siku imepotea. Nimemwambia mara mbili kuhusu simu. Anatazama tramu.

Jioni kapanda Maman Zaina wa chini, Mrundi wa Bujumbura, anauza vitenge na hodi hapigi. Kaona sombe ya juzi bado sufuriani, kajua kuna msiba. Nikamweleza mlangoni. Akaingia, akaketi mbele ya Papa, akavua viatu.

"Mzee, binti yako kakosa. Kakosa sana. Sasa wewe umekasirika, na wale nao wanahesabu siku. Hasira yako haina haraka, itakungoja. Kura haikungoji."

Papa alikula chapati aliyomletea. Nusu.

Jumatano, 30 Oktoba

"Piga ile simu," kasema. Maneno ya kwanza tangu Jumamosi, na hakunitazama.

Nilimshikia simu sikioni. Kiingereza chake ni kile cha barua za serikali. Jina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Naomba karatasi mpya kwa kuwa ya kwanza haikutoka mkononi mwangu. Ulimi ulimkwama mara mbili, akaanza upya. Mwanamke yule alimngoja.

Kisha akamweleza: asiyeweza kutia sahihi anaweka alama ya X, mbele ya shahidi anayeandika jina na anwani yake. Jimbo linakubali. Ni sheria, si hisani.

Nikaona uso wake unazima. Akashukuru. Akarudisha simu.

Miaka thelathini na mbili ya kalamu nyekundu. X ndiyo aliyoweka kando ya kila jibu baya. Nilizipata nyingi mwenyewe. "Sasa najipa zéro," kasema. Akanigeukia, mara ya kwanza: "Njo ile uliogopa nione?"

Ndiyo, Papa. Ndiyo hiyo hasa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Karatasi haijaja. Nimefungua simu kila nilipomaliza kitanda. Vitanda ishirini na kimoja. Hakuna. Kule bado ni asubuhi, najiambia. Kule pia wana kazi. Wana wapiga kura wengine wenye mabinti wapumbavu.

Jioni imekuja. Duka la kuchapisha limefungwa hadi Jumatatu. Kesho ni Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote.

Ijumaa, 1 Novemba

Tramu imejaa vyungu vya maua, watu wanaenda makaburini. Mimi nina zamu. Karatasi ya kura imeingia usiku, nimeichapisha kwenye printa ya ofisi, kwa ruhusa ya mkuu wa zamu, Mungu ambariki. Alipouliza ni nini nikasema ni uhai wa baba yangu. Akadhani ni cheti cha hospitali.

Saa tisa nilikuwa nyumbani. Papa alishajivalisha tai. Sijui alitumia mbinu gani, kwa mkono mmoja. Ilikuwa imekaa upande, na sikuirekebisha.

Viduara tena, sahani tena. Maman Zaina kaketi akitazama ukuta, ili siri iwe siri. Kisha bahasha. Papa akakaa na kalamu hewani muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma. Nilikuwa nimejiapiza nisiguse kitu.

Mstari wa kwanza ukashuka. Akapumua. Wa pili ukapanda, ukakutana na wa kwanza karibu na katikati. X ndogo, imeinama kidogo. Akaitazama kama anayesahihisha kazi ya mwanafunzi dhaifu.

"Inapita," kasema. Maman Zaina akaandika jina lake lote na mtaa, herufi kubwakubwa, akalia zaidi ya sisi wote.

Duka la vifurushi vya ndege limefungwa. Nilijua, na bado nilienda kuvuta mlango wake.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekuwa wa kwanza mlangoni. Wamepokea. Kijikaratasi kinasema kifurushi kitaondoka Brussels Jumatatu. Nikamwomba mtu wa kaunta. Nikamsihi. Nikamwambia ni kura. Akasema Madame, leo hakuna ndege ya vifurushi, hata kwa mfalme.

Jumatatu na Jumanne. Inawezekana. Bahati anasema inawezekana.

Nimehesabu ninachokijua. Ningemwambia Papa tarehe kumi na nane, ingekuwa imefika zamani, ingekuwa imekaa mezani kwao siku nyingi. Nilificha siku nane, na Papa akanuna siku nne. Za kwake sizihesabu kwake. Ni zangu zote kumi na mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulikuwa tunaiimba darasani kwake, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza.

Jumatatu, 4 Novemba

Kifurushi kimeondoka. Kimefika uwanja wa Ujerumani. Ukungu. Kiko Ujerumani.

Kiko Ujerumani.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Siwezi kugeuza wazee leo, nitawaangusha.

Papa kakaa na tai. Kila saa namsomea mahali kilipo. Mchana kimevuka bahari. Jioni kimetua, lakini mji mwingine, mbali na ofisi. Maman Zaina kaomba dua chini, Papa kaomba zaburi juu. Mimi nilishindwa kuomba. Nilikuwa naburuza kidole kwenye skrini tu, juu chini, juu chini, hadi Papa akaninyang'anya simu na kuilaza kifudifudi mezani.

Jumatano, 6 Novemba

Kimefika ofisini asubuhi yao. Kimepokelewa baada ya muda. Hakihesabiwi.

Nilisoma nikiwa ngazini, mfuko wa mkate mkononi. Hapo ngazini nikajua kuna njia ya pili. Ningeweza kuingia na kusema imehesabiwa. Hana simu. Bahati angenyamaza. Papa angelala vizuri maisha yake yote yaliyobaki, na mimi ningebeba. Ingekuwa rahisi kuliko kumvalisha shati.

Nikaingia nikamwambia imechelewa. Karibu nusu siku.

"Soma," kasema. Nikasoma. "Soma tena."

Akafungua tai kwa mkono wa kushoto, polepole, hakutaka msaada. Akaikunja juu ya goti. Kisha akasema anataka kulala, na nikamlaza, na akageukia ukuta. Nimekaa jikoni. Sijui nini kinauma zaidi, uso wake au mgongo wake.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua. Tumeenda kanisani, tumerudi. Papa kala sombe.

Bahati kapiga. Swali la pili limepita kule. Kuanzia uchaguzi ujao muhuri wa posta utatosha, bahasha itangojwa siku kadhaa. Nikaogopa kumwambia Papa, nikamwambia hivyohivyo. Akacheka kidogo, puani. "Barua ilishinda," kasema. "Yangu ilikosa harusi."

Baadaye akaniita. Juu ya meza kulikuwa na daftari la mistari miwili, lile la watoto wa darasa la kwanza. Kumbe Maman Zaina alimnunulia wiki iliyopita, na mimi nikiwa kazini yeye huandika. Kurasa saba zimejaa. Za kwanza ni vijiti tu. Ya saba ina jina lake lote, limepinda, linapanda kilima, lakini linasomeka.

Akaniuliza kama ofisi ile ina fomu ya mtu aliyebadilisha sahihi. Ipo. Nilikuwa nimeiona siku zile za kusoma usiku na mchana: unawapelekea sahihi yako mpya, wanaiweka daftarini badala ya ile ya zamani. Uchaguzi ujao ni baada ya miaka miwili. Sikulisema hilo, na yeye hakuliuliza.

Nakala niliichapisha kazini pamoja na karatasi ya kura, nikaitoa. Papa akavuta kiti karibu na meza. Sahani ilikuwa bado chafu ya chakula, ikabidi mtu aizuie karatasi isiteleze.

"Mama, shika hapa," kasema.

Nikashika pembe ya karatasi. Ilimchukua muda mrefu sana. Mkono wake sikuugusa.